Alama ya 18 na Kicheko cha Mtoto

Januari 2014 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street, sinema ya kuchekesha iliyojaa uchi, matusi na unga. Wako walioshukuru, wako walioteta kuwa mtu mzima hachaguliwi.

Lakini zipigwazo marufuku ni chache. Nyingi hupewa alama ya 18 tu, na alama yataka msimamizi. Nalisafiri kwa basi toka Kibwezi, Makueni, hadi Mutomo, Kitui, ikaonyeshwa moja ya hizo. Mtoto ubavuni mwangu akicheka, nasi watu wazima kimya, tumeinamisha macho. Mwishowe nilimwomba utingo aizime. Akaizima bila ya ugomvi. Kumbe ilitaka kauli moja! Mchelea mwana kulia, hulia yeye.