Kidhibiti cha Pampu: Hesabu Nyaya Kabla ya Fedha

Juma hili safu yetu inamjibu mama mmoja wa Koboko, mke wa askari aliye kazini mbali na nyumbani. Mama huyu ana kisima kirefu nyuma ya nyumba, pampu ya umeme izamayo majini yenye nguvu ya kilowati 1.1, na tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Jirani zake huja na jerikeni kununua maji, na fedha hizo ndizo zilipazo karo ya watoto. Kiangazi kilichopita maji ya kisima yalishuka usiku, pampu ikazunguka kavu hadi alfajiri, na mota yake ikaungua. Ameagiza pampu ya pili kwa mkopo. Fundi naye amemletea karatasi ya bei: kidhibiti kikubwa, kioo cha kugusa kwa kidole, na malipo ya programu. Jumla ya karatasi hiyo inaipita bei ya pampu yenyewe.

“Mzee,” anaandika, “baba watoto ameagiza nisitoe hata senti moja kabla sijakuuliza. Je, kitu hiki ni cha lazima?”

Mama yangu, kidhibiti kitakufaa, lakini si hicho ulichoandikiwa.

Yafaa kwanza wasomaji wengine wajue tunazungumza juu ya nini. Kidhibiti hiki, ambacho mafundi hukiita PLC, ni kisanduku kinachopokea habari kutoka kwenye swichi, kikazipima kwa maagizo kiliyopewa, kisha kikawasha au kuzima mashine. Cha kwanza kilichojulikana sana, Modicon 084, kilitengenezwa Marekani na Dick Morley na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kiwanda cha magari cha General Motors kilipochoka kubomoa makabati ya rilei na kufunga nyaya upya kila muundo wa gari ulipobadilika. Yaani asili yake ni kuokoa kazi ya kufunga nyaya. Pasipo na nyaya nyingi za kuokoa, hakina faida. Mtu anayetaka tu tangi lijae na pampu izimike hahitaji kidhibiti chochote. Swichi ya boya, kontakta na rilei ya kinga ya mota zamtosha, na fundi wa kawaida wa Arua atazifunga kabla ya chakula cha mchana.

Kwako wewe mambo ni zaidi kidogo, basi na tuhesabu. Boya la chini la tangi ni moja. Boya la juu, mbili. Kipimo cha maji ndani ya kisima, tatu. Ishara ya rilei ya kinga ya mota, nne. Swichi ya kuchagua kuendesha kwa mkono au kwa mtambo, tano. Hizo ni habari tano ziingiazo. Zitokazo ni mbili tu: kontakta ya pampu, na taa au kengele ya kukuamsha pakiwa na hitilafu. Juu ya hayo unahitaji saa mbili za kungoja, ambazo nitazieleza. Kazi hii ukiifanya kwa rilei na saa za kununua moja moja, kabati litajaa na bei itakaribia ile ya kidhibiti kidogo. Hapo ndipo kidhibiti kidogo hushinda. Nasema kidogo: chenye matundu 8 ya kuingiza na 4 ya kutoa chatosha, na bado utabakiwa na nafasi ya pampu ya pili Mungu akijalia. Hicho cha fundi wako ni cha kuongoza kiwanda. Kioo cha kugusa ni pambo. Taa mbili za rangi zitakuambia yale yale.

Sasa, kipi? Siemens huuza kiitwacho LOGO!, chenye matundu 8 na 4 hasa, na aina yake iliyo na kioo kidogo na vitufe huweza kupewa maagizo kwa vidole bila kompyuta. Kwa mtu aliye Koboko hiyo si sifa ndogo. Delta wana vidhibiti vya bei nafuu ambavyo programu yake ya kompyuta hutolewa bure. Uliza jambo hili mapema, kwani zipo kampuni ambazo leseni ya programu yaweza kugharimu kuliko kifaa, bila kusahau waya maalumu wa kukiunganisha na kompyuta. Kuna pia bodi zinazoiga FX ya Mitsubishi. Bei yake huchekesha, na nyingine hufanya kazi vizuri, ila aghalabu huja uchi bila kasha wala kitabu cha maelezo kinachosomeka. Anayezinunua na anunue mbili. Ama Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, ni mwalimu mzuri wa vijana wetu wa shule za ufundi, lakini yenyewe haikuundwa kustahimili msukosuko wa umeme unaotokea kila kontakta inapofunga na kufungua. Mimi singeikabidhi pampu ya mkopo.

Jambo la umeme sharti nilikazie, maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha. West Nile iliishi muda mrefu mbali na gridi ya taifa, kwa jenereta ya Arua na, tangu mwaka 2012, kwa maporomoko ya Nyagak yenye megawati 3.5. Gridi ilifika mwaka 2024, lakini fundi mwenye busara bado hujiandaa kwa umeme unaoondoka na kurudi ghafla. Kwa hiyo saa ya kwanza ya kungoja ni hii: umeme ukirudi, kidhibiti kisubiri dakika 5 kabla ya kuwasha pampu, mpaka volti zitulie. Saa ya pili ni ya kisima: maji yakishuka chini ya kipimo, pampu izime na kungoja nusu saa kisima kijikusanye. Pampu izamayo hupozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyavuta, ndiyo sababu ile ya kwanza ilikufa. Hiyo saa ya pili ndiyo hasa unayoilipia.

Tena, chagua kidhibiti cha volti 24 pamoja na kigeuzi chake cha umeme, wala si kile kinachopokea volti 240 moja kwa moja, hata kama cha pili kinapunguza kifaa kimoja. Sababu ni kwamba waya wa boya utapanda mnarani na kuingia ndani ya maji wanayokunywa watu. Siku ganda lake litakapopasuka, afadhali ziwe volti 24. Waya huo mrefu huvuta pia mshtuko wa radi, na radi ya kwetu si mzaha. Mwezi Agosti 2020 iliua watoto mjini Arua. Kinga ya radi na waya wa ardhi viwekwe kabla ya kufungua kasha la kidhibiti.

Matundu ya kutoa yawe ya rilei. Hata hivyo yasiunganishwe na mota. Pampu yako hula ampea 8 hivi ikiwa inazunguka, na wakati wa kuanza hula mara tano ya hizo. Mguso mdogo wa kidhibiti utagandamana, na pampu haitazimika tena. Kidhibiti kiamuru kontakta, kontakta ndiyo iamuru mota. Maboya yafungwe kwa namna ambayo umeme hupita mambo yakiwa salama, ili panya akikata waya pampu izime. Na rilei ya kinga ya mota ikate kontakta yenyewe, bila kungoja ruhusa ya programu.

Limebaki jambo ambalo hutaliona katika karatasi yoyote ya bei. Nilipokuwa fundi kambini tulifungiwa mtambo mzuri, na aliyeufunga akaweka neno la siri katika programu, akaenda zake. Kidhibiti kilipohitaji kubadilishwa saa moja tu ya kungoja, hatukuweza, tukanunua kingine. Kutoka Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita 50, na kutoka Arua hadi Kampala ni karibu 500. Kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho, mwambie fundi wako kwa upole akukabidhi neno la siri likiwa limeandikwa, nakala ya programu, na mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mlango wa kabati. Kisha atie swichi upande wa mkono, pampu iende bila kidhibiti, ingawa kinga zote zibaki kazini, nawe ushuhudie kwa macho yako. Mwisho achomoe waya mmoja wa boya la kisima mbele yako. Pampu isipozimika, fedha zibaki mkobani, nawe uniandikie tena.