Kwa Nini Tumelifuta Sharti la Kazi Mpya

Wasomaji wetu wa siku nyingi wataona kwamba tangazo la kupokea kazi limepungua sentensi moja, ile iliyodai kazi isiyowahi kutokea mahali pengine popote. Tumeifuta. Karibu kila kitu mtakachokisoma katika toleo hili kilishatokea kwingine: Instagram, TikTok, stetasi za WhatsApp, usiku wa mashairi mjini, na kimoja ukutani kwa kinyozi hapahapa mtaani kwetu Batsinda.

Sharti lile lilikuwa na maana wakati mwandishi alipokuwa na gazeti moja la kupelekea shairi lake. Msanii kijana wa Kigali leo hana mahali ambapo kazi zake zinakaa pamoja. Michoro iko huku, sauti iko kule, hadithi ameimwaga Facebook vipande vipande. Wanaoandika kwa Kiswahili wametawanyika zaidi. Lugha yao imekuwa rasmi Rwanda tangu 2017, lakini majukwaa ya kuiandikia bado ni haba, kwa hiyo mtu hubisha hodi kwenye kurasa za Dar es Salaam asubuhi na kwenye makundi ya Nairobi jioni. Mmoja wa waliomo humu majirani wanamjua kwa vichekesho vya dakika moja. Wachache sana wanajua kwamba huandika hadithi ndefu za madereva wa malori wa njia ya Rusumo, mpakani na Tanzania. Zisome hizo kwanza, kisha urudi kwenye vichekesho vyake. Kile kicheko kitakukwama kidogo kooni. Tumeziweka pamoja kwa sababu hiyo: zikikaa jirani husema jambo ambalo kila moja peke yake haiwezi kulisema.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuacha kitabu. Mashairi yake yalitungwa kwa ajili ya baraza, vita, soko na ugomvi, yakabaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikahaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Sikujua hakuishia kwenye beti. Alieleza pia shairi lilitungwa kwa tukio gani na lilimlenga nani, na bila maelezo hayo nusu ya Muyaka ingetupita. Ndiyo maana chini ya kila kazi katika toleo hili mtakuta mahali ilipotokea kwanza, mwaka, na kilichoisababisha. Yasomeni maelezo hayo. Hatukuyaweka kujaza nafasi.

Kuna pia hofu ya kupoteza kazi hizo. Batsinda ni mtaa unaojua habari ya kuhamishwa: familia nyingi zililetwa hapa kutoka Kiyovu ya chini, karibu na katikati ya mji, mnamo 2008, zikapewa nyumba badala ya zile zilizobomolewa. Wenyeji wa mtaa kama huu hawahitaji kuelezwa kwamba anayekukaribisha anaweza pia kukuondoa. Majukwaa ya mtandaoni nayo ni hivyohivyo: mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba ilipohamisha seva ilipoteza muziki uliopakiwa kwa takriban miaka 12. Mwaka huohuo Google+ ikafungwa na kila kilichokuwamo. Januari 2021 Facebook ilizuiwa Uganda, na mchoraji wa Kigali aliyekuwa na wateja Kampala akatoweka machoni pao bila yeye kufanya kosa lolote. Hatusemi watu wayahame majukwaa hayo, maana wasomaji wako huko. Tunasema nakala moja ikae nyumbani.

Wapo watakaotuambia kwamba tunachapisha viporo. Kiporo kikipashwa vizuri hakina ubaya, ila hatukupasha kila kitu. Tulikataa mengi, hasa maneno yaliyosimama kwa nguvu ya muziki wa nyuma tu. Yakivuliwa muziki hayana mifupa. Hasara moja inaniuma: mcheza ngoma ambaye video zake ndizo bora kuliko chochote tulichopokea. Karatasi haichezi. Tumechapisha daftari lake la mazoezi, na ninakiri kwamba ni kivuli tu.

Haki zote zinabaki kwa wenyewe. Tumeomba ruhusa ya toleo hili tu, na aliyemfanyia mteja kazi kwa malipo tulimtaka alete kwanza idhini ya mteja huyo. Kuanzia toleo lijalo tutapokea mafurushi: shairi, picha, hadithi na mchoro wa mtu mmoja kwa pamoja, kila kitu na asili yake. Aliyezoea kutuletea shairi moja jipya aendelee kulileta.