Umehamia Dodoma, moyo umeuacha wapi?



Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Ilipita miaka 43 kabla Rais John Magufuli hajatangaza, Julai 2016, kwamba sasa Serikali inahama kweli. Leo wizara ziko Mtumba na watumishi wamehama. Swali langu Jumapili hii ni kwako uliyehama: je, moyo nao umehama?

Ijumaa jioni wapo wanaotoka ofisini na begi, wanawahi basi au treni ya kwenda Dar es Salaam. Sitawahukumu. Mwenzi ana kazi huko, mtoto yuko kidato cha nne, mama mzazi anahitaji kuuguzwa. Barua fupi ya uhamisho inaweza kugawa nyumba moja ikawa mbili.

Soma Nehemia sura ya 11. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umekamilika, lakini ndani ya mji watu walikuwa wachache. Viongozi wakakaa mjini. Watu wengine wakapiga kura: katika kila kumi, mmoja ahamie mjini, tisa wabaki vijijini. Kisha watu wakawabariki wote waliojitoa kwa hiari. Hawakusema, "Si ni wajibu wao?" Walijua kuhama kuna gharama.

Basi ninyi mliobaki Dar es Salaam, mliwaombea wenzenu siku ya kuondoka, au mliona tu kiti kitupu kwenye kwaya? Nanyi wenyeji wa Dodoma, mnamwona mgeni kama ndugu, au kama mpangaji wa kupandishiwa kodi?

Nawe uliyehama, miaka inapita na bado kanisani unakaa benchi la nyuma kama mpita njia. Sadaka yako ya ahadi unaituma kwa simu usharika wa zamani. Jumuiya ya mtaani kwako haikujui jina. Ukizidiwa na homa Jumanne usiku, nani atagonga mlango wako?

Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule. Wale walikuwa utumwani. Wewe uko katika nchi yako, miongoni mwa Wagogo wanaokusalimu "Mbukwa" na kusubiri uitikie.

Wiki hii fanya mambo mawili. Mtafute mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako, ujitambulishe. Kisha keti na mwenzi wako, mpange lini na kwa namna gani mtaishi tena chini ya paa moja. Kama bado haiwezekani, ombeni pamoja kila usiku, hata kwa simu.

Mungu hakubaki Dar es Salaam ulipoondoka. Alikutangulia. Jumapili njema.