Goma: taa bila waya kwenye makutano, na nani ataziongoza?

Kila anayevuka Rond-Point Signers saa ya kutoka kazini anajua hesabu: motari kushoto, motari kulia, gari inakata mbele, na polisi wa roulage anapiga filimbi isiyosikiwa. Je, mashini itaweza pale ambapo filimbi imeshindwa?

Kinshasa ilijaribu tangu 2013. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alitengeneza roboti zenye kutumia nguvu ya jua, zinazoonyesha nyekundu ao kijani, na kamera zao zinatuma picha kwa antene hadi polisi. Bashofere walizipokea vizuri, na ni rahisi kuelewa: roboti haiombi franka.

Goma ina sababu yake ya kutaka mfumo bila waya. Taa za kawaida zinaomba kuchimba, ili waya zipite chini ya barabara. Hapa mji unakaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati yake. Bila waya, kamera juu ya nguzo inahesabu vyombo, inatuma hesabu kwa redio, na taa inaongeza muda wa kijani kwa upande uliojaa. Paneli za jua pia si anasa: Januari 2025, vita ilipoharibu laini ya umeme ya kutoka Matebe, mji ulibaki gizani.

Lakini mashini inahesabu nini? Miji mingi inatumia waya uliofukiwa ndani ya lami, unaosikia chuma. Chukudu ni mbao. Ikiwa na magunia ya makaa, mashini haiioni, kijani kinaisha nayo ingali katikati. Goma inaomba kamera iliyofundishwa kutambua moto, chukudu na mama mwenye mzigo kichwani, si gari tu.

Kisha kuna usalama. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakiwa na ruhusa ya wenye barabara, waliingia kwa kompyuta katika mtandao wa taa wa makutano karibu 100. Mawasiliano hayakufichwa, na neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani. Wangeweza kubadilisha taa wapendavyo.

Tena kamera inayohesabu moto inaweza kusoma namba yake na sura ya mwenye kuiendesha. Katika mji uliochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, hilo si jambo dogo. Picha zitalala wapi, kwa siku ngapi, nani atazitazama? Kwa kweli hesabu haihitaji sura ya mtu: kamera inaweza kuhesabu palepale nguzoni na kutuma namba tu. Hilo liandikwe kabla ya kununua chochote.

Nairobi inaonyesha shida nyingine. Taa ziko, ila mara nyingi polisi anasimama chini yake akipitisha magari kwenye nyekundu, na dereva anazoea kutazama mkono wa polisi. Roboti moja ya Kinshasa ilitajwa kugharimu dola 27,500 mwaka 2015. Kwa pesa hiyo, inafaa kuanza na Signers peke yake kwa miezi michache, roulage akibaki pembeni, ili ionekane kama motari anasimama.