Elimu ya Kidijitali Haingoji Chumba cha Tarakilishi

Kutoka Likuyani hadi Khwisero, wazazi, walimu wakuu na wabunge wa Kakamega wanashikilia imani moja: kwamba shule haijaingia katika elimu ya kidijitali mpaka iwe na chumba chenye mlango wa chuma na tarakilishi zilizopangwa mezani. Utaisikia siku ya kuwatuza wanafunzi bora. Utaisikia kwenye harambee, na hata matangani mwanasiasa akishapewa kipaza sauti. Shule isiyo na chumba hicho husemwa imeachwa nyuma, na walimu wake huambiwa wavumilie, vifaa vitakuja. Nasema imani hii ni potofu, na imewalia watoto wetu miaka ambayo hawatarudishiwa.

Tukumbuke ilikotoka. Serikali ya Jubilee iliingia madarakani mwaka 2013 ikiwa imeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa baada ya mvutano wa kisheria. Vifaa vilianza kufika shuleni mwaka 2016, na kipakatalishi kilikuwa kimegeuka kishikwambi. Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno kilipewa sehemu ya kazi, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kikapewa nyingine. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma nchini. Pamoja na vishikwambi vya wanafunzi, shule ilipata vipakatalishi vya walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhia masomo.

Mgala muue na haki umpe: mpango huo ulizifikishia stima shule nyingi ambazo hazikuwahi kuiona, na hilo ni jema la kudumu. Lakini wafikirie watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo wa 2016, walengwa wenyewe wa mradi. Ndio waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Walipitia shule ya msingi nzima, wakatoka, na wengi wao hawakumbuki kushika kishikwambi zaidi ya mara chache. Vifaa vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye angejibu kikipotea kimoja. Betri zikafa. Walimu waliofunzwa kuvitumia wakahamishwa. Na huku kwetu, ukanda wa radi na mvua ya mawe, stima hupotea mawingu yakianza tu kutanda upande wa msitu.

Ukisimulia haya, watu husema kosa lilikuwa la utekelezaji. Kwamba mradi ungesimamiwa vizuri, mambo yangekuwa mengine. Mimi nasema kosa lilianzia kwenye wazo lenyewe, la kudhani kwamba ukimpa mtoto kifaa umempa elimu. Peru ilijaribu wazo hilo kabla yetu, ikagawa vipakatalishi kwa watoto wa mashambani. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo baina ya Nchi za Amerika walichapisha matokeo ya utafiti katika shule 319 za nchi hiyo: hawakupata ushahidi wowote kwamba alama za hisabati na lugha zilikuwa zimepanda. Vipakatalishi vilifika, vilitumika, na watoto wakabaki palepale katika kusoma na kuhesabu.

Wala hatuhitaji kwenda Peru. Majirani zetu wa Kisumu walikuwa na jaribio lililo bora zaidi, na linanishangaza jinsi lisivyotajwa na wanaopanga bajeti za shule. Chini ya mradi wa kusoma uliojulikana kama PRIMR, shule ziligawanywa katika makundi. Kwenye kundi moja, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Kwenye la pili, walimu walipewa vishikwambi. Kwenye la tatu, mwanafunzi hakupewa kifaa cha kidijitali na mwalimu hakupewa. Kishikwambi alipewa afisa wa elimu anayezuru shule kumsikiliza mwalimu akifundisha na kumshauri. Makundi yote matatu yalifanya vyema kuliko shule ambazo hazikuwa katika mradi, na hakuna kundi lililoyashinda mengine kwa tofauti ya maana. Ila gharama zilitofautiana mno. Kumpa afisa mmoja kifaa kilichohudumia shule nyingi ndiyo ilikuwa njia ya bei nafuu kuliko zote. Mpango wa Tusome ulipoanza kote nchini mwaka 2015, ulichukua njia hiyo hiyo: maafisa walipewa vishikwambi, na ziara zao zikaonekana kwenye ramani, hivi kwamba aliyebaki ofisini alijulikana. Kifaa kilimtoa mtu mzima ofisini, kikamkalisha nyuma ya darasa. Watoto wakasoma vizuri zaidi bila wao wenyewe kugusa kioo chochote.

Sasa niseme ninachokitetea. Shule zetu karibu zote zina kifaa cha kidijitali kinachofanya kazi leo, nacho ni simu ya mwalimu.

Serikali inalijua hilo vizuri. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) inamtaka mwalimu ajaze tathmini ya utendaji wake mtandaoni. Wanafunzi husajiliwa mtandaoni. Baraza la Mitihani huwataka walimu kupakua kazi za tathmini za Mtaala wa Umilisi, kuzichapisha, kusahihisha na kurudisha alama kupitia mtandao. Haya yote hufanywa kwa simu ya mwalimu na bando aliyoinunua mwenyewe, au kwa foleni ya saiba mjini Kakamega, Mumias au Malava. Hakuna afisa aliyewahi kumwambia mwalimu asubiri chumba cha tarakilishi ndipo atume alama. Simu inayotosha kumpimia mwalimu kazi inatosha kumsaidia kuifanya kazi hiyo.

Chukua mwalimu wa Gredi ya 2 mwenye watoto sitini. Hana muda wa kumsikiliza kila mmoja akisoma, na hapo ndipo watoto wanapotupotea. Mtoto asiyejua kusoma huinua sauti pamoja na wenzake, anaitikia wanachoitikia, na mwaka unaisha bila mtu kugundua. Simu yoyote yenye kinasa sauti inatosha kumfichua. Kila siku mwalimu anarekodi watoto watano, dakika moja kila mmoja, jioni anawasikiliza. Katika siku kumi na mbili za shule amewasikia wote sitini. Muhula ukielekea mwisho anarudia, na sasa ana ushahidi mikononi: huyu alikwama kwenye silabi, sasa anasoma sentensi; huyu hajasogea, na mzazi wake aitwe leo, si baada ya mtihani. Hiyo haihitaji hata intaneti.

Au lile tatizo la matamshi ambalo sisi wa Magharibi tumechekwa kwalo vya kutosha. Mtoto aliyekusudia kusema "bata" na akasema "pata" hasikii kosa lake linapotoka mdomoni. Mrekodi, mchezeshee sauti yake karibu na ya mwalimu, naye atasikia mwenyewe, tena bila kuaibishwa mbele ya darasa.

Kwenye Kilimo, jani la mhindi lililotobolewa na viwavijeshi hupigwa picha shambani Shinyalu asubuhi na kujadiliwa darasani mchana. Kwenye Sayansi, milio ya ndege wa Msitu wa Kakamega hurekodiwa na watoto wenyewe wakiwa na mwalimu, katika msitu ambao wanasayansi husafiri kutoka mabara mengine kuuona na ambao watoto wengi wa Kakamega mjini hawajawahi kuuingia. Kwenye Hisabati, ujumbe wa M-Pesa una kila kitu cha kufundishia asilimia: kiasi kilichotolewa, ada, salio. Mtoto ambaye ameona mama yake akikatwa ada ataelewa asilimia haraka kuliko yule anayepewa mfano wa matofaa.

Najua mapingamizi yanayokuja. La kwanza ni kwamba simu huharibu watoto. Sijasema mwanafunzi apewe simu. Marufuku ya wanafunzi kubeba simu shuleni ibaki, nami naiunga mkono. Nazungumzia simu moja iliyo mfukoni mwa mtu mzima aliyesomea ualimu. La pili ni kwamba simu moja haiwezi kuonyeshwa watoto sitini. Ni kweli kwa picha, na ndiyo maana sauti ina faida kubwa kuliko video katika madarasa yetu. Sauti ikiunganishwa na spika ndogo humfikia hata wa dawati la mwisho. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) yalirushwa kwenye redio ya KBC. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekuta redio katika zaidi ya nusu ya nyumba za Wakenya, na tarakilishi, kipakatalishi au kishikwambi katika chini ya nyumba moja kati ya kumi. Anayetaka kumfikia mtoto wa Navakholo ajue ni chombo gani kiko nyumbani kwao.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Mzazi ananiambia: watoto wa shule za kibinafsi Nairobi wanafunzwa kuandika programu, wewe unataka wetu wabaki na spika? Uchungu huo nauelewa na siupuuzi. Wanafunzi wa shule za upili watakaochagua masomo ya tarakilishi wanazihitaji mashine halisi, na huko maabara zijengwe, zilindwe na ziwe na mwalimu wake. Lakini mtoto wa Gredi ya 3 asiyeweza kusoma aya moja hawezi kuokolewa na mashine, kwa sababu kila mashine itamtaka asome. Kwanza asome. Pesa za chumba kitakachofungwa kufuli zikitumika kumfikisha hapo, zimemkaribisha kwenye tarakilishi kuliko tarakilishi yenyewe.

Kuna matumizi mengine ya simu ninayoyapinga kabisa, na mzazi wa Kakamega anayajua. Saa mbili usiku ujumbe unaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa: kesho mtoto alete picha ya rangi ya wanyama watano. Mama hana bando, au anayo lakini hana printa, na alfajiri anamwahi mwenye saiba sokoni kabla ya kwenda kupanga mboga zake. Mtoto hajajifunza lolote. Picha imetafutwa na mtu wa saiba na kubandikwa na mama. Shule inayofanya hivyo imehamishia gharama kwa maskini na kuiita elimu ya kidijitali. Wanyama watano wako kwenye boma la jirani. Mtoto aende akawatazame, awachore.

Hilo linanileta kwenye gharama ya mwalimu, kwani nami sitaki kumwongezea mzigo. Mwalimu wa shule ya umma asitoboe mfuko wake kuifundishia nchi. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 400 ikiupata wote inapokea shilingi 568,000. Bando ya shilingi 300 kwa mwezi kwa walimu kumi na wawili, kwa miezi tisa ya masomo, ni shilingi 32,400, yaani chini ya asilimia 6 ya mgao huo. Najua mgao huchelewa na mara nyingi hufika pungufu. Hata hivyo, hakuna chumba cha tarakilishi kinachojengwa kwa shilingi 32,400. Wizara ya Elimu itoe waraka unaotamka wazi kwamba bando ya mwalimu na spika ya darasa ni matumizi halali ya pesa za shule, ili mwalimu mkuu asiogope mkaguzi wa hesabu.

Na vyuo vyetu viamke. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapa mjini, Chuo cha Ualimu cha Eregi kiko Ikolomani. Kila mwaka vinatuma vijana kwenye mazoezi ya kufundisha, vijana waliozaliwa na simu mkononi. Wapimwe, pamoja na mengine, kwa jinsi walivyomsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma na walivyotunza ushahidi wa maendeleo yake.

Kwenu wanachama wa bodi za shule: kikao chenu kijacho huenda kitakuwa na ajenda ya kuchangisha pesa za chumba cha tarakilishi. Kabla hamjaifikia, mwulizeni mwalimu mkuu ni watoto wangapi wa Gredi ya 3 wanaoweza kusoma aya moja bila kusaidiwa. Akikosa jibu, ahirisheni chumba na mpitishe bando ya walimu siku hiyo hiyo.