Mganga Anakwenda Shule, Nasi Twacheka

Katika parokia yetu mna watu wawili waliokuwa waganga wa kienyeji. Majina yao hatuyataji. Walio karibu watawajua, na walio mbali hawana haja nayo. Wa kwanza alikuwa mganga wa mifupa, kama baba yake na babu yake. Wa pili alikuwa mtu wa mizizi na majani, mwenye vibuyu vingi na sifa nyingi. Wote wawili wameacha kazi ile ya zamani, na wote wawili walitaka kazi ya mwuguzi. Lakini njia walizoshika ni mbalimbali kabisa. Na namna watu wetu walivyowahukumu ndiyo inayotusukuma kuandika leo, maana ni hukumu ya upumbavu, nayo inatoka vinywani mwa Wakristu.

Mtu wa vibuyu alikwenda sokoni, akanunua blauzi nyeupe, na chombo cha kusikilizia moyo, na sindano. Akaipaka nyumba yake chokaa, akaandika maneno ya Kifaransa juu ya mlango. Baada ya juma moja ua ulijaa wagonjwa. Asubuhi anachoma sindano, jioni anatoa mizizi, na mgonjwa analipa mara mbili. Watu wanamwita Dokta. Hata kanisani wanampisha akae mbele.

Mganga wa mifupa yeye alikwenda kwa mkubwa wa shule ya wauguzi, akaomba kuandikwa mwanafunzi. Alikuwa na umri wa miaka 34, na watoto watano. Zamani alifika mwaka wa pili wa sekondari, kisha baba yake akafa, akarithi mianzi na kamba za kufungia mifupa. Watu waliposikia anataka kukaa kwenye benchi pamoja na vijana wa umri wa mtoto wake wa kwanza, walicheka. Wazee wa ukoo walikasirika, wakasema anatupa kazi ya mababu. Wenzake wa chama cha sala walimwuliza kama atavaa kaptura. Tena wengine walimwambia kwa upole, na hao ndio wabaya zaidi: «Ndugu, wewe wajua kazi tayari. Nunua blauzi tu, kama mwenzako.»

Kwa nini hakununua blauzi? Mtoto mmoja alianguka toka mti wa avoka, akavunjika mkono. Akaletwa kwake. Akamfunga kwa mianzi, akakaza sana kama alivyofundishwa na baba yake. Usiku mtoto akalia. Akawaambia wazazi: msiogope, mfupa unaunga. Siku ya tatu vidole vilikuwa baridi, siku ya nne vikawa vyeusi. Hospitalini hawakuwa na njia nyingine, walikata mkono. Mganga yule akakaa langoni mwa hospitali siku nzima, wala hakuna mtu aliyemtukana. Jioni mwuguzi mmoja, msichana bado, akampeleka kwenye kitanda cha mtoto mwingine aliyefungwa plasta. Akabonyeza ukucha wa mtoto, ukawa mweupe. Akauachia, ukarudi kuwa mwekundu. Akasema: «Baba, ukiona haurudi upesi, fungua mara moja, damu haipiti.»

Basi. Ni jambo la nukta chache tu. Mtu yule alikuwa amefunga mifupa miaka 15, na hakuna aliyemwonyesha ukucha. Kesho yake alikwenda kuomba shule.

Sasa mwatuelewa kwa nini hatucheki.

Labda shida yetu yaanza katika lugha. Sisi huku Kongo twasema munganga kwa mtu wa vibuyu, na munganga kwa daktari wa hospitali. Neno moja lawabeba wote wawili, basi watu wanafikiri kwamba tofauti yao ni nguo tu. Lakini tazameni kazi ya mwuguzi katika vijiji vyetu. Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500. Katika vituo vingi vya afya hamna daktari kamwe. Daktari yuko hospitali kubwa ya zone, pengine mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kituoni yuko mwuguzi, yule tunayemwita titilere, naye ndiye anayepokea wagonjwa, anayepima, anayeandika dawa, anayezalisha, anayeamua nani abaki na nani apelekwe. Kwa kweli ni msaidizi wa daktari, na mara nyingi ni daktari wa pekee ambaye kijiji kitamwona. Kwa hiyo anasoma miaka 4 katika shule ya ITM, baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi. Akitaka kuendelea, anashika diploma ya Serikali na kuingia ISTM. Mambo hayo hayauzwi sokoni pamoja na blauzi.

Wengine watapinga: «Dawa za wazungu si zatoka katika majani yetu? Kinini si ganda la mti?» Ndiyo, ni kweli, nasi twafurahi kusema hivyo. Mungu aliweka dawa ardhini, na kitabu cha Yoshua bin Sira chaeleza hayo vizuri katika sura ya 38. Ganda lile la kinkina lililetwa Roma toka Peru na Wayezuiti katika karne ya 17, hata watu wakaliita unga wa Wayezuiti. Sisi wa Kivu miti ile twaijua, maana inapandwa kwetu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu chatengeneza kinini. Lakini mwaka 1820 tu, kule Paris, Pelletier na Caventou waliweza kutoa kinini yenyewe ndani ya ganda na kuipima. Kabla ya hapo, ganda moja lilikuwa na nguvu, lingine halina, na mgonjwa alikunywa bila kujua amekunywa kiasi gani. Kinini kidogo mno haiponyi. Kinini nyingi mno yavumisha masikio na kuziba macho. Jani lina dawa, lakini jani halijui uzito wa mtoto wako.

Tena tumtazame mama yule wa China, Tu Youyou. Alisoma elimu ya dawa chuoni Beijing, kisha akajifunza pia uganga wa asili wa kwao. Katika kitabu cha kale cha Ge Hong, cha karne ya 4, alipata habari ya mmea wa kuponya homa. Lakini hakuuchemsha tu na kuwapa watu. Alitambua kwamba moto waiharibu nguvu yake, akaitoa kwa maji ya eta yasiyo na moto mwingi, akajaribu kwa wanyama, kisha akainywa yeye mwenyewe na wenzake kabla ya kumpa mgonjwa. Hayo yalikuwa miaka ya 1971 na 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Artesunate tunayowachoma watoto wenye malaria kali imetoka katika kazi ile. Yule ni mtu aliyeheshimu jani la wazee kuliko sisi sote, na kwa sababu aliliheshimu alilipeleka shuleni.

Na yule wa blauzi? Anachoma bado kinini matakoni mwa watoto. Tangu 2011 Shirika la Afya la Dunia, OMS, limeagiza artesunate kwa watoto wenye malaria kali, yeye hana habari, maana hasomi wala hakuna anayemkagua. Na sindano ya kinini ikichomwa mahali pabaya yaweza kuharibu neva kubwa ya mguu. Mtoto aliyekuja akitembea anarudi akiburuta mguu. Wazazi wanasema ni uchawi wa jirani. Kumbe mchawi amevaa blauzi nyeupe.

Msidhani twatia chumvi. Mwaka 2018 Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini, watoto wengi wa Beni waliipata katika nyumba za namna hiyo, zile zinazoitwa «tradi-moderne». Waliletwa kwa malaria, wakaondoka na Ebola. Ugonjwa ule uliendelea mpaka Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Na ili msiseme kwamba twawapiga mawe wengine tu, tuseme na yetu. Mwaka 1976, kule Yambuku, Ebola ilienea kwanza katika hospitali ya misioni, misioni yetu ya Kikatoliki. Kila asubuhi wahudumu walipewa sindano tano kwa wagonjwa wote wa siku ile, nazo zilisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Masista waliokuwa pale walitoa maisha yao, nasi twawaheshimu. Walikuwa na upendo, bidii na sala. Upendo wao haukuchemsha sindano. Ikiwa sindano katika mkono wa sista mtakatifu yaweza kuleta kifo kama haikuchemshwa, basi sindano katika mkono wa mtu aliyeinunua sokoni itafanya nini?

Tofauti kubwa ya kazi hizi mbili, kwa maoni yetu, ni siri. Mganga wa kienyeji anaishi kwa siri yake. Akiisema, amepoteza mkate. Anamwambia mwana mmoja tu karibu na kufa, na pengine anachelewa. Kosa lake nalo linazikwa pamoja na mgonjwa. Mwuguzi anaandika. Anaandika jina, uzito, joto, dawa, saa, naye atakayekuja zamu ya usiku anasoma. Mkaguzi wa zone anafungua kitabu na kuuliza: huyu kwa nini alikufa? Hilo ni jambo chungu. Mganga wetu wa mifupa alituambia kwamba hesabu ya dawa haikumshinda, wala Kifaransa. Kilichomshinda mwaka wa kwanza ni kuandika kosa lake kwa mkono wake na kulitia sahihi.

Tena mwuguzi anafundishwa kusema «hii si kazi yangu», na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Mwenye blauzi hawezi, kwa maana barua ile itamfukuzia wateja.

Wale wanaosema kwamba mtu mzima kurudi benchini ni aibu, wakumbuke wasaidizi wa madaktari wa zamani, waliosomea Léopoldville, na Kisantu, na kwingineko. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, walikuwa zaidi ya 100. Wazungu wengi walipokimbia, wao ndio walioshika hospitali. Walipasua, walizalisha, waliongoza. Hao walikuwa na haki ya kujiita madaktari kuliko mtu yeyote wa blauzi za leo! Lakini walikubali ruzuku ya OMS, makumi kwa makumi wakaenda Ufaransa, watu wenye wake na watoto, wakakaa tena darasani na vijana wa kizungu. Miaka michache baadaye wakarudi madaktari kwelikweli. Aibu iko wapi?

Na Apolo wa Matendo ya Mitume? Alikuwa mtu wa elimu, msemaji hodari, tena mwenye moto. Lakini alijua ubatizo wa Yoane tu. Akwila na Prisila, mafundi wa mahema, walimchukua kando wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Maandiko hayasemi kwamba alikasirika.

Sasa maneno mengine, na haya ni kwa watu wa upande wetu. Ninyi wauguzi mnaomcheka mganga, watu wanakwenda kwake kwa sababu gani? Yeye anakubali kuku. Anangoja mpaka mavuno. Anamwita mgonjwa mama, anauliza habari za nyumba. Katika vituo vingine mama aliyejifungua anazuiwa majuma mawili kwa sababu hana fedha ya kulipa, na mwuguzi anampita bila salamu. Mganga akija shule, huenda atawafundisha ninyi salamu.

Ninyi wakubwa wa shule, wengine wenu, si wote, mnauza pwenti. Mwanafunzi anayenunua pwenti zake ni mtu wa blauzi tu, ila yeye ana karatasi yenye muhuri, na hiyo ni hatari zaidi. Na mganga mwenye miaka 34 anapobisha mlango wenu kwa moyo mnyofu, mwamwambia «baba, umepotea njia».

Nasi wa parokia tunachanga kwa ajili ya bati, na kengele, na sikukuu ya miaka ya padri. Vema. Lakini hatujachanga kamwe kwa ajili ya mtu aliyetaka kuacha giza. Si kila mganga ataweza miaka minne, hilo twalijua. Kuna mwenye macho mabovu, kuna asiyejua kusoma. Hao waweza kuwa relais wa kijiji, wafundishwe dalili za hatari kwa mtoto na kumleta upesi kituoni. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 wenyewe ulitaja waganga wa asili kati ya watu wa kusaidia afya, lakini ulitaka wafundishwe inavyofaa. Sharti hilo wenye blauzi wanaliruka kila wanapoutaja mkutano ule.

Yule wa mifupa yupo mwaka wa pili sasa. Mianzi ya baba yake hakuitupa. Iko juu ya dari, na mwalimu wake mmoja aliomba kuiona, akasema kukata na kulainisha kwake ni kuzuri, ila kukaza. Mke wake anauza mihogo iliyokaangwa njiani usiku mpaka saa nne, papo hapo mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa, ambako watu wanapanga foleni wakiwa na fedha mkononi. Minervali ya trimestri ya tatu haijalipwa. Mkubwa wa shule amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi huu.