Komisyo: muulize mbele ya kusaini

Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza monopoli ya SONAS, na sasa batoto betu bengi banatafuta kazi ya ajenti wa asiransi. Sisi wa sendika tunawaambia: musikimbilie asilimia kubwa. Ulizeni kwanza: komisyo ni ya mwaka wa kwanza tu, ao hata mteja akilipa tena? Akiacha katikati, munarudisha feza? Inalipwa siku gani, kwa dola ao kwa franka? Yote iandikwe mu kontra. Tena muangalie kama kampuni iko na ruhusa ya ARCA.

Ajenti mwenye kulipwa mara moja tu anauza haraka haraka, bila kueleza. Na wa kwanza kumuuzia ni nani? Baba yake, mwenye kutoka mgodini na mshahara mkononi.